Hatua Nne Katikati ya Picha

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na dakika kumi za kuhutubia. Keki ilikuwa tamu. Saa sijui mlinipa ya nini, maana mstaafu ndiye mtu pekee asiye na haja ya kujua ni saa ngapi. Zile dakika kumi hazikunitosha hata kufika kwenye koti la Mzee Zakayo, na bila koti hilo sina la maana la kuwaambia kuhusu kazi hii ya kupiga picha. Kwa hiyo nimekaa nyumbani Kiogoro, mvua ya alasiri inapiga mabati, naandika yaliyobaki. Mkitaka habari za nilivyopanda cheo, ulizeni ofisini. Wao waliziandika vizuri kuliko mimi.

Nilizaliwa hapa hapa Kiogoro, mtoto wa nne wa mkulima wa ndizi na pareto, Msabato wa kukaza. Baba aliamini kwamba Mungu anaijua sura ya kila mtu na kwamba hilo linatosha. Nyumbani kwetu hapakuwa na picha hata moja. Labda ndiyo maana siku nilipotumwa mjini Kisii kununua chumvi, nikiwa msichana wa shule, nilisimama mbele ya dirisha la studio mpaka nikasahau chumvi.

Dirishani kulikuwa na picha ya bwana mmoja niliyemfahamu, muuza mbuzi wa kutoka Nyamira. Nyuma yake kulikuwa na ziwa, jumba lenye nguzo, na milima yenye theluji. Niliamini kabisa kwamba muuza mbuzi amefika huko, nikamwonea wivu wiki nzima. Nilipokuja kujua kwamba ziwa na theluji vilikuwa vimechorwa kwenye shuka, sikukasirika. Nilijiambia kwamba aliyechora lazima aliona mahali fulani, na kwamba duniani lazima kuna mtu ambaye kazi yake ni kwenda kuona mahali pa watu na kurudi na picha. Niliamua kwamba mtu huyo nitakuwa mimi. Sikumwambia mtu, maana nilikuwa bado sijalipia kosa la chumvi.

Miaka michache baada ya Uhuru nilimaliza shule, nikavaa viatu vya dada yangu, nikaenda kuomba kazi kwenye studio ile. Mwenyewe, Mzee Zakayo, alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyejifunza kupiga picha wakati wa vita vya Wazungu, alipokuwa akimbebea mpigapicha wa jeshi miguu ya kamera. Kiswahili chake kilikuwa bado kimesimama wima, kama kinasubiri afande apite.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Kufua, Mzee."

"Basi utafua picha. Ingia."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza nilipewa chumba cha giza, taa nyekundu, beseni tatu na ndoo mbili za kuteka maji chemchemini, kwa kuwa mfereji wa mjini ulitoa maji siku uliyopenda wenyewe. Kufikia saa nne nilikuwa nimefanya usafi mzuri sana. Nilikuwa pia nimemwaga dawa ya kuifanya picha isifutike, beseni zima, nikidhani ni maji machafu. Mzee Zakayo alitoka nje, akayatazama majani niliyoyamwagia.

"Haya majani," akasema, "sasa hayatafutika milele."

Hakunifukuza. Alichanganya dawa nyingine, akanifundisha kuijua kwa harufu, kwa utelezi wake kwenye vidole na kwa sauti ya karatasi inapotumbukia ndani yake. Leo nyinyi hamjui harufu hiyo na mna bahati. Nguo zangu zilinuka siki kwa miaka yote niliyokuwa pale, na kanisani watu waliniachia benchi nzima.

Sasa koti. Studio ilikuwa na koti moja jeusi la wageni, lililoshonwa kwa kipimo cha Mzee Zakayo mwenyewe, na kila mwanamume aliyetaka kuonekana bwana alilivaa. Mwembamba tulimbana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene hatukumfunga vifungo, tukampa kitabu akishike mbele ya tumbo. Pekueni albamu za wazee wa Kisii na Nyamira mtaliona koti hilo hilo juu ya walimu, makarani, mabwana harusi na muuza mbuzi wangu. Wakati mmoja ndugu wawili walitaka kupigwa pamoja na wote wakalitaka. Mzee Zakayo akaamua mmoja avae mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wasimame wamekumbatiana. Ni picha ya upendo mkubwa kuliko wote niliowahi kuona studioni, na sababu yake ni uhaba wa nguo.

Siku zetu za kazi nazo zilikuwa na utaratibu wake. Msabato hapigwi picha Jumamosi. Mkatoliki hupigwa Jumapili, lakini baada ya misa, akiwa na njaa, na njaa huonekana usoni. Msabato havai mkufu. Mkatoliki anataka rozari ionekane mpaka msalaba wa mwisho. Mvua huanza kila siku saa nane, na picha zilizoanikwa hunata kwenye kamba. Kati ya Mungu na mvua tulibaki na muda mchache sana wa kufanya makosa.

Mzee Zakayo alikuwa na desturi mbili, na ndizo nilizotaka kuwaambia siku ile keki ilipoingia. Ya kwanza: hakumsukuma mtu. Alikuwa na chaki. Mteja akiingia alimwacha ajitafutie mahali, kisha akachora sakafuni kuzunguka viatu vyake, akarudi kwenye kamera, akauliza, "Umesimama vizuri?" Halafu akangoja jibu. Siyo nyinyi mnaouliza huku mmeshabonyeza. Alingoja. Kuna mama mmoja wa Keroka aliyefikiri jibu mpaka tukanywa chai. Desturi ya pili: picha haikutoka studioni kabla mwenye uso hajaiona na kuikubali. Hata ya kitambulisho. Nilizidharau desturi zote mbili kimoyomoyo. Niliona zinachelewesha kazi.

Baada ya miaka mitatu ya kufua, alinipa kamera. Ilikuwa ile ya macho mawili, ya kushikwa tumboni, unainama na kuchungulia kwa juu, na unachokiona kushoto kiko kulia. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu. Alinituma kwenye masoko, Kenyenya siku hii, Nyamarambe siku ile, nikipanda juu ya magunia kwenye lori la pareto, na koti likiwa limekunjwa ndani ya sanduku. Kila nilipofika swali la kwanza lilikuwa moja.

"Mwenye kamera yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana, msichana. Mwenyewe. Yule bwana."

Kenyenya walinizoea baada ya miezi mitatu. Nyamarambe walichukua minne, halafu wakaanza kuniuliza nitaolewa lini, nikajua nimekuwa mtu wa kwao.

Kumi na moja katika kila filamu zilikuwa za wateja. Ya kumi na mbili Mzee Zakayo aliniachia mimi. "Hiyo ni chai yako," alisema. Wenzangu wangejipiga wenyewe. Mimi niliipeleka nje. Nilipiga ukungu ukiwa umelala kwenye mabonde ya chai asubuhi. Nilipiga wachongaji wa mawe ya sabuni, yale laini ya kwetu, wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, nikafuta lenzi kwa sketi siku mbili. Nilipiga akina mama wa Nyamira wakishuka mteremko na mikungu ya ndizi kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wakinicheka kwa sababu nililala matopeni ili niwapate. Ilikuwa picha moja kwa filamu, labda mbili kwa wiki. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na sanduku la kiatu limejaa.

Nairobi kulikuwa na jarida moja la safari. Nilikuwa naliona kwa daktari, limechakaa, kurasa za katikati zimeng'olewa. Nilichagua picha sita, nikaandika barua kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea vibandiko vya chupa za dawa, nikaituma. Mhariri, Bwana Mwakio, Mtaita, alijibu mwezi uliofuata. Sikuthubutu kuifungua, nikamwomba Mzee Zakayo anisomee.

Barua ilisema hivi. Jarida linatengeneza kalenda ya mwaka ujao, ya nchi ya milimani, picha kumi na mbili, mwezi kwa picha. Pia lina nafasi moja ya mpigapicha wa kusafiri nchi nzima, Turkana mpaka Taveta, na watu watatu wanaitaka. Nipeleke picha kumi na mbili za Kisii. Kalenda ikitoka na picha zangu, nafasi ni yangu.

Mzee Zakayo aliikunja barua vizuri, akanirudishia. "Nitatafuta mtu mwingine wa kufua," akasema, akaingia chumba cha giza na kukaa humo muda mrefu bila sababu.

Picha kumi na moja zilikubaliwa bila taabu. Ile ya kumi na mbili ilitakiwa iwe ya familia. "Vizazi vitatu, nje ya nyumba yao," aliandika Bwana Mwakio. Nilijua niende wapi. Nyamarambe kulikuwa na Mzee Nyakundi, mkulima wa kahawa na ndizi, Mkatoliki, mwenye ndevu nyeupe na mzaha mwingi, ambaye alikuwa amenipa uji kila siku ya soko tangu nilipoanza kuja. Nyumba yake ilikuwa na ukuta mweupe wa udongo na mlango mpana wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, wa kujivunia. Siku ya picha walitoka wote: Mzee Nyakundi na mkewe, mwana wao Samweli, na Sabina, mke wa Samweli, akiwa na mtoto mgongoni.

Hapa lazima niwaeleze wale msiotoka kwetu. Sisi tunayo chinsoni, heshima ya haya kati ya mzazi na wale aliowazaa au walioolewa na wanawe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawasimami karibu, hawakai chumba kimoja. Baba haingii hata nyumbani kwa mwanawe. Siyo chuki. Watu wanaopendana sana ndio wanaoishika zaidi. Kwa hiyo Mzee Nyakundi na mkewe walisimama upande mmoja wa mlango, Samweli na Sabina wakasimama upande wa pili, na katikati zikabaki hatua nne na ule mlango wa buluu, ambao Mzee alikuwa ameufunga ili Nairobi wasione anakolala. Niliuliza kama nilivyofundishwa, "Mmesimama vizuri?" Wakasema ndiyo. Nikapiga.

Bwana Mwakio aliirudisha. "Watu wako wamesimama kana kwamba wamegombana," aliandika. "Mpiga chapa anataka familia iliyokaribiana. Wasogeze, unitumie kwa posta ya Ijumaa ijayo. Baada ya hapo nitachukua ya mtu mwingine."

Sikurudi Nyamarambe. Nilijua nikienda kumwambia Mzee Nyakundi amsogelee Sabina, angenicheka kwanza halafu angenifukuza. Badala yake nilikaa na ile picha mchana kutwa, nikawaza, nikapata wazo ambalo niliona ni la akili mno. Chinsoni ni ya watu. Hii ni karatasi. Karatasi haina mkwe. Wao walisimama mbali kama inavyotakiwa, heshima imekwisha kutimizwa. Mimi nakata karatasi tu. Nilichapa picha kubwa, nikachukua wembe, nikatoa zile hatua nne, nikaunganisha pande mbili kwa gundi, nikapaka rangi kwenye mshono kwa brashi ya unywele mmoja, kisha nikaipiga picha upya ile picha. Ilichukua siku mbili. Ikatoka familia moja, bega kwa bega, Mzee Nyakundi na Sabina wakigusana mikono. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu, na niliona fahari. Sifichi.

Mzee Zakayo aliitazama kwa kioo cha kukuzia. "Mshono hauonekani," akasema. Nikatabasamu. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Mzee? Ni karatasi."

Alichukua picha ya kwanza, ile ya hatua nne, akaianika kando ya ile yangu, kwenye kamba moja.

Alhamisi, Mzee Nyakundi mwenyewe akaingia studioni. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, na alijua desturi ya pale, kwamba mwenye uso huiona picha yake kwanza. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Nilitaka kuikimbilia kamba lakini alikuwa ameshaifikia. Alisimama mbele ya picha yangu safi, akainama, akanyooka, akainama tena.

"Kemunto," akasema, "huyu ni nani amesimama kwa nafasi yangu?"

"Ni wewe, Baba."

"Hapana. Kofia ni yangu. Ndevu ni yangu. Lakini mimi sijasimama hapo. Mimi nilikuwa huku." Akapiga hatua kwenda ukutani kunionyesha. Kisha akairudia picha. "Na mlango yangu imeenda wapi?"

Nilikuwa nimeukata mlango. Siku mbili nzima, kwa kioo cha kukuzia, na sikuwa nimeona kwamba nyumba imebaki haina mlango.

"Tunaingia kwa dirisha siku hizi?" aliuliza Mzee Nyakundi. "Kama wezi?"

Mzee Zakayo alikohoa mle ndani ya chumba cha giza. Mimi nikaanza kueleza kila kitu kwa pamoja, wembe, barua, kalenda, Turkana mpaka Taveta, watu watatu wanaotaka nafasi moja. Nilimweleza mpaka shuka lenye theluji. Machozi yalinitoka, na nilikuwa na miaka ishirini na saba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Hiyo kalenda itafika Nyamarambe?"

"Itafika kila duka, Baba."

"Sawa. Mimi ni mzee. Watu wakinicheka, nitacheka na wao. Lakini Sabina anaenda mtoni kila asubuhi na wanawake wenzake. Sabina atawaambia nini? Ati ni wembe ya Kemunto?" Aliirudisha kofia kichwani. "Mimi sikukatazi, mwanangu. Safari ni yako. Nenda vizuri." Akatoka, akasahau hata kuchukua nakala yake.

Laiti angenigombeza. Nilikaa kwenye kiti cha wateja mpaka mvua ikanyesha na kukatika. Akilini nilimwona Sabina na mtungi wake, akinyamaza huku wenzake wakicheka. Niliiona na Turkana pia, nisiseme uongo, niliiona vizuri sana. Hakuna aliyenilazimisha. Mzee Zakayo hakutoka mle ndani. Mwishowe nilisimama, nikaichana ile kazi safi mara nne, nikaitia ile ya hatua nne kwenye bahasha. Nikaandika: "Bwana Mwakio, hawa hawajagombana. Mzee huyu na mke wa mwanawe wanaheshimiana, na kwetu heshima ina kipimo, ni huo mlango. Nilijaribu kuwasogeza nikaharibu nyumba. Kama haifai, chukua ya mtu mwingine. Wako, Kemunto." Ijumaa nikaiposti, nikarudi kufua picha.

Wiki saba zilipita bila barua. Nilipiga picha za vitambulisho, nikalibana koti mgongoni mwa nusu ya wilaya, nikawaambia watu kwamba safari zina vumbi na wanaosafiri sana huumwa tumbo. Mzee Zakayo alinisikiliza nikisema hivyo mara tatu hivi. Ya nne akaniambia ninyamaze, nitamfukuzia wateja.

Wiki ya nane likaja furushi refu limefungwa kamba. Ndani kulikuwa na kalenda, kumi hivi, bado zinanuka wino. Nilifungua Januari, ukungu wangu. Februari, wachongaji. Kwenye kila picha tarehe zilikuwa zimebanwa chini kabisa, kwa herufi ndogo za kusomwa na mwenye miwani. Nikafunua mpaka Novemba.

Mzee Nyakundi na mkewe walikuwa upande huu, Samweli na Sabina upande ule, na katikati, juu ya ule mlango wa buluu, kwa tarakimu kubwa nyeupe zilizosomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara, walikuwa wamezipanga siku zote thelathini za mwezi. Mlango ulikuwa bado mlango. Kitasa chake kilionekana kando ya tarehe ishirini.

Kulikuwa na kikaratasi. "Mpiga chapa amekuchukia," aliandika Bwana Mwakio. "Kumi na moja umejaza kila kona, hakupata pa kuweka tarehe. Novemba peke yake ndiyo iliyomwachia nafasi. Njoo Nairobi Jumatatu uanze kazi, na uje na akili ya Novemba."

Nilipiga kelele, mpaka mteja aliyekuwa amesimama ndani ya chaki akatoka mbio amevaa koti letu. Ilibidi nimfukuze mpaka sokoni.

Kuanzia Jumatatu ile mnayajua mengi, mengine mlikuwepo. Nilifika Turkana, nikafika Taveta, nikaona hata milima yenye theluji ya kweli, ambayo ilikuwa midogo kuliko ya kwenye shuka. Kokote nilikokwenda nilibeba chaki mfukoni. Mlinicheka sana kwa hiyo chaki, na wengine mliniibia.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili. Nilikwenda Nyamarambe, nikawakuta wametoka misa. Nilikuwa na kalenda mbili chini ya kwapa. Mzee Nyakundi aliniuliza kwa nini mbili. Nikamwambia moja ya nyumbani kwake, moja ya nyumbani kwa Samweli, maana yeye hawezi kuingia kule kuangalia tarehe. Akacheka mpaka akashika magoti. "Sasa umesoma," akasema.

Aliifungua Novemba, akaitundika kwenye msumari wa mlango ule ule wa buluu, akarudi upande wake. Ndipo Sabina akasogea kuitazama, taratibu, mtoto mgongoni. Aliweka kidole kwenye tarehe ya kwanza, akaenda nacho mstari kwa mstari mpaka ya thelathini, midomo ikisogea. Kisha akamtazama Mama Nyakundi, si Mzee, akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kutosha kufika hatua nne:

"Mwezi mzima umesimama katikati yetu."

Mzee Nyakundi alitazama juu ya migomba, kama mtu anayekagua mvua, na macho yake yalikuwa na maji. Kwenye kamera yangu ilibaki picha moja, ya kumi na mbili, chai yangu ya mwisho kutoka kwa Mzee Zakayo. Niliinama, nikachungulia kwa juu. Nilitoa chaki mfukoni, halafu nikakumbuka kwamba chini ni majani.

"Baba," nikauliza, "umesimama vizuri?"

Sikubonyeza. Nilingoja. Aliutazama mlango, akapima kwa macho mpaka alipokuwa Sabina, akarudi nyuma nusu hatua, akaiweka sawa kofia yake.

"Sasa," akasema. "Piga."